Ghorofa Kumi na Nane Upande wa Mashariki

Nyumba yetu iko Kilimani, Nairobi, kwenye nusu ekari ambayo marehemu baba aliinunua mwaka 1979. Ni nyumba ya mawe, ya chini, yenye paa la vigae na baraza inayotazama mashariki. Utotoni tulikuwa tukipanda mnara wa tangi la maji nyuma ya jikoni ili tuhesabu majengo marefu, na hesabu iliisha upesi: KICC na ghorofa zake 28 kule mjini, pamoja na mengine machache yaliyoizunguka. Ukigeuka upande wa pili, siku isiyo na mawingu, uliiona milima ya Ngong imejipanga kama vifundo vya ngumi.

Leo baraza inatazama ukuta wa ghorofa 18. Jua linalochomoza saa kumi na mbili na nusu hutufikia saa nne na robo. Tangu jengo hilo limalizike nimepigiwa simu na watu wanne, wawili wa Kileleshwa, mmoja wa Parklands na mmoja wa Ruaka, wote na swali lilelile: jirani ameuza, kuna tangazo langoni, tufanye nini? Kila ninapoanza kuwasimulia najikuta nimeanza na makosa yetu, kwa kuwa hayo ndiyo ninayoyajua vizuri zaidi. Nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja.

Mzee aliyekuwa jirani yetu upande huo alifariki, na watoto wake, ambao wote wanaishi mbali, wakauza kiwanja mwanzoni mwa 2021. Siwalaumu. Mwezi wa Machi langoni kwao kulitundikwa karatasi iliyofunikwa plastiki: maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka nyumba ya familia moja hadi nyumba za familia nyingi. Niliipita kwa gari labda mara arobaini. Sikuwahi kushuka nikaisoma hadi mwisho. Kichwani mwangu Kilimani ilikuwa bado ni ile ya mwongozo wa zamani wa mipango ya jiji, ulioliweka eneo letu katika majengo yasiyozidi ghorofa nne. Majengo ya ghorofa 12 na 15 nilikuwa nimeshayaona yakiota kando ya Ngong Road na Argwings Kodhek. Niliyaona kama mambo ya barabara kubwa, si ya kichochoro chetu ambacho magari mawili yakikutana lazima moja lirudi nyuma.

Mwezi uliofuata alikuja kijana mpole mwenye fomu. Mimi nilikuwa kazini. Mama, ambaye hajawahi kumwacha mgeni asimame langoni, alimkaribisha chai. Kijana akamuuliza kama anafahamu kwamba jirani anataka kujenga. Ndiyo. Je, anadhani ujenzi utaleta ajira kwa vijana? Ndiyo. Je, eneo linahitaji makazi zaidi? Ndiyo, watu wengi hawana mahali pa kukaa. Akatia sahihi, akaandika nambari yake ya simu, akamfungia kijana ndizi mbili za njiani.

Miezi saba baadaye nilipoipata ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, jina la Mama lilikuwa kwenye orodha ya majirani waliohojiwa na wasio na pingamizi. Mama aliisoma orodha hiyo mara mbili, akavua miwani, akaingia chumbani. Hakutoka hadi jioni. Katika mambo yote yaliyotupata, hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwa sababu alijiona kama yeye ndiye aliyeliuza jua letu kwa kikombe cha chai.

Basi wa kwanza kuambiwa ni wazee wenu nyumbani: fomu ile si maongezi, ni ushahidi. Mradi mkubwa kama ule hauanzi bila leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kabla leseni haijatoka mwenye mradi lazima aonyeshe kwamba majirani wameulizwa. Ripoti kamili inapowasilishwa, hutangazwa magazetini na wananchi hupewa siku 30 za kutoa maoni. Kwa hiyo mtu akija na fomu, mwambie aiache, usome, umwite ndugu yako. Dai uone michoro. Uliza ghorofa ni ngapi juu na ngapi chini ya ardhi, maji yatatoka wapi, maji taka yataelekea wapi, na kivuli kitaangukia nani saa tatu asubuhi. Majibu yako yaandike kwa maneno yako mwenyewe, usiridhike na visanduku vya ndiyo na hapana, kisha ipige fomu picha kabla haijaondoka mikononi mwako.

Leseni yao ilitolewa mwezi wa Juni. Sisi hatukujua. Agosti mabati ya buluu yakasimama kuzunguka kiwanja, na Oktoba ikaja mashine ya kuvunja mwamba.

Anayekaa pande hizi anajua kwamba chini ya udongo wetu mwekundu kuna jiwe gumu. Jengo lile lilihitaji ghorofa mbili za magari chini ya ardhi, na jiwe lile halichimbwi kwa sururu. Mashine iligonga kuanzia saa moja asubuhi, wiki baada ya wiki, hadi vikombe kabatini vikawa vinagongana vyenyewe. Vumbi liliingia hata ndani ya mitungi iliyofunikwa. Mama ana pumu. Mwezi wa Novemba peke yake tulikwenda hospitali mara tatu. Ufa wa kwanza tuliuona chumbani kwake, umeanzia kona ya dirisha ukishuka kama mkia wa mjusi.

Hapa ndipo niliharibu zaidi. Nilikuwa na hasira na sikujua niipeleke wapi. Nilituma jumbe ndefu katika kundi la WhatsApp la wakazi, saa nane za usiku, nikiwataja watu kwa maneno ambayo baadaye wakili wao aliyasoma kwa sauti mbele yangu. Siku moja nilienda hadi kwenye geti la mabati nikamfokea kijana aliyekuwa anabeba mawe. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akaniambia, "Pole sana madam, mimi nalipwa kwa siku." Nilirudi nyumbani nikalia. Kijana yule alikuwa wa umri wa mwanangu, viatu vyake vimefungwa kwa waya.

Tulimwona wakili mwishoni mwa Novemba, na saa moja ya kwanza tulilipa shilingi 10,000. Aliuliza maswali mawili tu kabla ya kuweka kalamu chini. Leseni ilitolewa tarehe gani? Sikujua. Hati ya kiwanja chenu ina jina la nani? La baba, aliyefariki 2014, na mirathi hatujaifungua.

Swali la kwanza lilikuwa na uzito kwa sababu ya hesabu ya siku. Anayepinga leseni ya mazingira ana siku 60 kupeleka rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Anayepinga kibali cha mipango kilichotolewa na kaunti ana siku 14 tu kwenda kwa kamati ya rufaa ya mipango ya kaunti. Sisi siku zote hizo tulikuwa tumezimaliza tukinung'unika. Na hata rufaa ikipelekwa kwa wakati, mashine hazinyamazi zenyewe. Ni lazima uombe pia amri ya kuacha mambo yalivyo hadi kesi isikizwe. Wapo majirani wa mtaa mwingine niliowafahamu baadaye ambao waliwahi siku zao wakasahau kuomba amri hiyo. Kesi ilipofika kusikizwa jengo lilikuwa ghorofa ya saba.

Swali la pili lilitufungulia ukurasa mwingine kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Lakini sisi tulitaka pia kulipwa nyufa zetu, na mwenye nyumba kisheria alikuwa marehemu. Ilibidi tufungue mirathi, ndugu watatu tukubaliane, mmoja wetu akiwa Mombasa na mwingine Eldoret. Ilichukua miezi kumi na zaidi ya shilingi 100,000, na katikati yake kaka yangu alinitamkia kwamba mimi niliyeachiwa nyumba ndiye niliyelala. Nilinyamaza. Kuhusu ile karatasi ya langoni, alikuwa na haki.

Wakili alikuwa mkweli. Alisema, tukitaka Mahakama ya Mazingira na Ardhi tunaweza kwenda, lakini tujiandae kwa miaka, na jengo halitatusubiri. Akatushauri tuache kupigania urefu, tupiganie namna linavyojengwa na kinachoharibika. Nilimchukia siku hiyo. Mama ndiye aliyeamua: "Tukichukue kile tunachoweza kukipata nikiwa bado hai."

Tulimlipa mhandisi wa majengo asiyehusiana na mradi shilingi 65,000. Alipitia kila chumba, akapiga picha kila ufa akiwa ameweka rula kando, akaandika tarehe. Kwenye nyufa tatu alibandika vipande vyembamba vya kioo kuvuka ufa: ukuta ukisogea, kioo huvunjika, na hakuna anayeweza kudai kwamba ufa ulikuwapo tangu zamani. Viwili vilivunjika ndani ya wiki tano. Hasara yetu ni kwamba mhandisi tulimwita kuta zikiwa zimeshapasuka. Upande wa pili ulishikilia hadi mwisho kwamba nyumba ya miaka zaidi ya arobaini hupasuka yenyewe, na hatukuwa na picha hata moja ya ukuta ule ukiwa mzima, isipokuwa moja ya ubatizo wa mpwa wangu ambapo kona ya dirisha inaonekana nyuma ya keki. Picha hiyo ilitusaidia kuliko barua zote. Kwa hiyo siku utakayosikia jirani ameuza, kabla hata tangazo halijatundikwa, zunguka nyumba yako na simu. Kuta, sakafu, dari, ukuta wa uzio, shimo la maji taka. Jitumie picha hizo kwa barua pepe ili tarehe ibaki.

Kisha tukaanza kuandika barua, fupi, moja kwa kila jambo, zenye tarehe, tukidai nakala igongwe muhuri wa kupokewa. Niliandika kuhusu kelele nikitaja kanuni za mwaka 2009, ambazo kwa ujenzi ulio kwenye makazi zinaweka kikomo cha desibeli 60 mchana na 35 usiku, na mchana wenyewe unaishia saa kumi na mbili jioni. Niliandika kuomba nakala ya michoro iliyoidhinishwa, nikitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Ofisi moja ilinizungusha hadi siku ya 20, na nilipofika siku ya 21 na nakala yangu yenye muhuri, faili lilipatikana. Niliandika pia kuomba nakala ya bima ya mkandarasi. Hili wengi hawalijui: mkandarasi makini huwa na bima inayogusa pia mali ya jirani. Barua yetu kwa mwenye jengo ilikaa wiki sita bila jibu. Ile iliyotaja bima ilijibiwa baada ya siku nne.

Tukaitwa kikao ndani ya kontena lililokuwa ofisi yao pale kiwanjani. Mama alikuja amevaa leso yake nzuri, na msimamizi wa kazi, mtu mzima mwenye heshima, alimpisha kiti chake. Tulitoka na karatasi iliyotiwa sahihi: mwamba usivunjwe kabla ya saa mbili wala baada ya saa kumi na moja, Jumapili pawe kimya, ardhi imwagiwe maji mara tatu kwa siku, nyavu zifungwe upande wetu, na kreni isipitishe mzigo juu ya jikoni letu. Hilo la kreni tulilipata kwa kuwa wakili alitufundisha kwamba mkono wake kupita juu ya paa la mtu si jambo la kufanywa bila ridhaa yake. Wasimamizi wa mradi hulijua hilo vizuri, wala hawakulibishia. Ningelijua mapema ningeliomba kabla kreni haijasimamishwa, si baada. Nyufa tulidai shilingi 410,000, tukalipwa 240,000. Ukitoa wakili, mhandisi, mirathi na dawa, tulibaki na pengo.

Kitu ambacho hakuna aliyeniandaa nacho ni mwendo wa jengo lenyewe. Kuchimba kulichukua miezi. Halafu zege lilipofika usawa wa ardhi, ghorofa zikaanza kupanda, moja kila baada ya siku kumi au kumi na mbili. Mama alikuwa akikaa barazani kila asubuhi kuangalia jua limefika saa ngapi. Ghorofa ya tano, saa mbili kasoro. Ghorofa ya tisa, saa mbili na nusu. Watu wa mjengo walimzoea, kutoka juu walimpungia mkono wakimwita "Shosho!", yaani bibi, naye akawapungia. Ghorofa ya kumi na nne alihamisha kiti chake nyuma ya nyumba na hakurudi tena barazani asubuhi.

Na kivuli si cha asubuhi tu. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo, kwa hiyo mwezi Juni na Julai jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na hiyo ndiyo miezi ya baridi na mawingu. Jengo lile limekaa kidogo kaskazini-mashariki mwa nyumba yetu. Katika miezi ambayo tungelihitaji jua zaidi, ndipo linapotunyima zaidi. Mtambo wa kupasha maji kwa jua ulikuwa unatosha familia. Sasa kuanzia Mei hadi Agosti tunaoga maji ya umeme. Nguo zilianza kunuka unyevu. Ukungu uliota nyuma ya kabati la Mama na tukaupaka ukuta huo rangi mara mbili kabla ya kuelewa kwamba dawa yake ni hewa, si rangi. Tukatoboa dirisha jipya upande wa magharibi. Ikiwa nyumba yako iko katika hali kama yetu, fanya hilo mwaka wa kwanza.

Jengo lina nyumba 96, mahali palipokuwa na familia moja. Mwenye nyumba za kupanga huchimba kisima chake na kununua maji ya lori. Lakini bomba la maji taka la kichochoro ni lilelile. Mvua kubwa za Aprili 2024 zilipokuja, kifuniko mbele ya lango letu kilinyanyuka mara mbili. Kama ningepata nafasi ya kuandika maoni mara moja tu katika zile siku 30, ningeacha kivuli na mandhari, nikauliza ukubwa wa bomba. Hilo ni swali linalohitaji jibu la hesabu, na afisa yeyote hulazimika kuliandika.

Nataka nieleweke vizuri. Mpwa wangu amepanga ghorofa ya kumi na moja mtaa wa pili, karibu na kazi yake, na kabla ya hapo alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kusafiri kutoka Kitengela. Mji huu unaongezeka watu na watu lazima walale mahali. Ukienda leo usiku kwenye ule mnara wetu wa tangi, unaona Upper Hill imejaa taa, jengo la Britam na mita zake 200 limesimama juu ya yote, na Westlands nayo imeinuka kuliko ilivyokuwa mjini kwenyewe tulipokuwa watoto. Kuna uzuri ndani yake. Mama mwenyewe ana rafiki katika jengo lile, binti wa ghorofa ya tatu aliyejifungua mwaka jana, na siku za Jumamosi humletea mtoto amshike. Ninalolilia ni kwamba yote yalipangwa kana kwamba upande wetu wa ukuta hapakuwa na mtu, nasi tukasaidia kwa kukaa kimya wakati ambapo sauti yetu ilikuwa na thamani.

Madalali walianza kuja hata kabla jengo halijapakwa rangi. Mmoja anataka kununua, mwingine anataka kutupa nyumba saba katika jengo litakalojengwa juu ya kiwanja chetu. Bado hatujaamua. Nimejifunza tu kutotaja bei yoyote mdomoni, kutotia sahihi karatasi ya "kuonyesha nia", na kumwambia kila dalali kwamba majibu atayapata kutoka kwa ndugu watatu kwa pamoja. Mirathi ile iliyotugharimu ndiyo inayotulinda sasa, kwa kuwa hakuna mmoja wetu anayeweza kuzungukwa peke yake.

Juma lililopita, lango la mkono wa kulia, upande wa magharibi, lilitundikwa karatasi ndani ya plastiki. Nilisimamisha gari. Niliisoma yote, hadi mstari wa mwisho wenye anwani ya kupeleka pingamizi, nikaipiga picha mimi na Mama tukiwa tumesimama kando yake. Jioni hiyo nilibisha hodi nyumba sita za kichochoro, na pia nikamwachia mlinzi wa jengo la ghorofa 18 ujumbe kwa kamati ya wapangaji wake, maana kivuli hiki cha pili kitawaangukia wao alasiri. Walikuja watu kumi na wanne. Mama aliwapikia chai na kuwaonyesha kwa kidole dirisha jipya la magharibi.

Barua ya kwanza imeshagongwa muhuri. Leo ni siku ya tisa.